Kati ya Kunuka na Kunukia

Bilauri mbili ziko mezani. Ya kushoto ina ramu nyeupe ya Martinique, asilimia 50 ya alkoholi. Ya kulia ina Rum Fire ya Hampden, Jamaika, asilimia 63. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote zimetakata kama maji ya mtungi. Nainusa ya kushoto: muwa uliomenywa sasa hivi, majani mabichi, pilipili manga kwa mbali. Ya kulia sikuhitaji kuisogeza puani. Ilinifuata yenyewe: nanasi lililoiva hadi linachuruzika, ndizi ya ganda jeusi, halafu vanishi, gundi, maji ya zeituni za kopo.

“Shemeji, nani kafungua rangi ya kucha humu?” akauliza mgeni wangu kutoka upande wa pili wa meza.

Kiswahili kimetenga kunuka na kunukia kwa irabu moja tu. Watengenezaji wa ramu wa Jamaika wamejenga kibanda chao juu ya irabu hiyo, na wanaishi humo tangu karne ya 18.

Hampden, katika parokia ya Trelawny, molasi huchachuka kwenye mapipa makubwa ya mbao kwa hamira inayojileta yenyewe hewani. Ramu zao nzito huachwa hivyo kwa wiki mbili au zaidi. Humo huongezwa danda, yaani masalio yanayobaki chunguni baada ya kunereka, pamoja na uozo kutoka shimoni, ambako danda na mabaki ya miwa vimekaa na bakteria wao kwa muda mrefu. Hadithi za popo na vichwa vya mbuzi waliotupwa humo nazichukulia kuwa chumvi ya wasimulizi. Shimo halihitaji popo. Linahitaji asidi, na miongoni mwake ni asidi ya butiriki, ambayo ndiyo inayoipa samli iliyochacha harufu yake. Asidi hiyo ikikutana na alkoholi huzaliwa esta iitwayo etili butireti, na hiyo hunukia nanasi. Kutoka samli mbovu hadi nanasi, kwa muungano mmoja wa kikemia! Mtambo nao ni chungu cha shaba ambacho mvuke wake hupitishwa kwenye mapipa mawili ya pembeni yenye alkoholi ya mizunguko iliyotangulia, ukatoka mkali bila kupoteza uzito wake.

Esta hizo hupimwa kwa gramu katika kila hektolita ya alkoholi tupu. Chapa ya chini ya Hampden, OWH, ina kati ya 40 na 80. Ya juu, DOK, hukaribia 1,600, na huo ndio ukomo unaoruhusiwa Jamaika. Siwashauri wasomaji kuinywa DOK kavu, labda tone la kusugulia viganja ili ujue inavyobadilika inapokauka.

Martinique walishika njia nyingine. Bei ya sukari iliposhuka katika karne ya 19, sukari ya viazisukari ikiwa imejaza soko la Ulaya, wakulima wengi waliona hakuna haja ya kupitia kwenye sukari kwanza: juisi ya miwa ikamuliwe, ichachuke, inerekwe upesi kabla haijaharibika. Tangu 1996 ramu hiyo inalindwa na sheria ya asili ya mahali kama ilivyo kwa mvinyo wa Ufaransa. Anachokitafuta Mmartinique ni shamba. Anachokitafuta Mjamaika ni shimo. Wacuba, kwa kuchuja kwa mkaa, walitaka hata shamba lisisikike, lakini hao tuwaache leo.

Ningependa kuishia kwenye mgawanyo huo safi, ila kiwanda cha Le Galion kinanizuia. Kiko Martinique hiyohiyo, kinatumia molasi na masalio ya mtambo, na ramu yake inakukodolea macho kama ya Jamaika. Kumbe mpaka haupiti baharini.

Tofauti kubwa zaidi naiona katika kuchanganya. Ramu ya Martinique hupewa kipande cha ndimu, sharubati ya miwa kidogo, basi. Ukiizidishia unaifukia. Ya Jamaika, hata Wray & Nephew ya asilimia 63 inayomwagwa kwenye msingi wa nyumba mpya na kusuguliwa kifuani mwa mwenye mafua, hupendeza ndani ya soda ya balungi. Wajerumani walilijua hili mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 ushuru wa ramu ya nje ulipopanda, waliagiza ramu yenye harufu nzito kupindukia, kisha wakaizimua kwa spiriti isiyo na ladha. Mpaka leo sheria yao ya mchanganyiko huo hudai ramu asilimia 5 tu ya alkoholi yote. Ni kama zabadi ya fungo: ikiwa tupu inafukuza watu, ikizimuliwa inawavuta.

Mwaka 1944, Oakland, Marekani, Victor Bergeron alibuni kokteli ya Mai Tai kwa ramu ya Jamaika ya miaka 17. Akiba hiyo ilipomwishia alichanganya ya Jamaika na ya Martinique. Watafiti wengine wanaamini hiyo ya Martinique ilikuwa ya molasi. Sawa, lakini mimi natumia ya juisi: mililita 45, na 15 za Jamaika. Ndimu 25, likeri ya maganda ya machungwa 15, sharubati ya lozi 10. Tikisa na barafu ya kutosha.

Nilimpa mgeni bila kumwambia. Alikunywa nusu, akainusa tena, akauliza juisi ya nanasi nimeinunua duka gani.

Asubuhi bilauri ya kushoto haikuwa na harufu yoyote. Ya kulia, tupu tangu usiku, ilikuwa bado ikizungumzia ndizi.