Brashi Iliyowekwa Chini

Picha iliyonifikisha kwa Lili Elbe hakuichora yeye. Yeye ndiye aliyechorwa. Nilikuwa nikipekua kitabu cha wachoraji wa Ulaya nikakutana na mwanamke mwenye macho marefu, nikamdhania mmoja wa warembo wa Paris wa zamani zile. Baadaye nilisoma kwamba naye alikuwa mchoraji, tena mwenzi wa ndoa wa yule aliyemchora.

Alizaliwa Vejle, nchini Denmark, mwaka 1882, akapewa jina la Einar Wegener. Katika chuo cha sanaa mjini Copenhagen alikutana na Gerda Gottlieb, wakaoana mwaka 1904. Yeye alichora mandhari. Gerda alichora wanawake. Siku moja mwigizaji aliyekuwa achorwe hakutokea, Gerda akamwomba mumewe avae mavazi ya kike akae mahali pake. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1931, kinasimulia kwamba alijisikia vizuri mno ndani ya mavazi hayo. Mgeni huyo akaitwa Lili.

Mwaka 1912 walihamia Paris. Huko Lili alitambulishwa kwa wageni kama jamaa ya Einar, na picha zake zikampatia Gerda sifa. Lakini mtu hawezi kuishi maisha yote kama mgeni nyumbani mwake. Madaktari kadhaa hawakumwelewa. Mwaka 1930 alikwenda Berlin, akapimwa na Magnus Hirschfeld na kufanyiwa upasuaji wa kwanza. Uliofuata ulifanywa Dresden na Kurt Warnekros. Mwaka huohuo Mfalme wa Denmark alibatilisha ndoa yao, naye akapata pasi yenye jina la Lili Ilse Elvenes. Jina la Elbe, tunalomjua nalo, ni la mto upitao Dresden.

Hapo ndipo aliponishangaza: aliacha kuchora. Kwake, uchoraji ulikuwa kazi ya Einar, na Einar hakuwapo tena. Nakiri kwamba jambo hili lilinikera. Nilijiuliza, mkono si ni uleule? Macho si ni yaleyale yaliyoona miti na maji? Kisha nikafikiri kwamba mimi sijawahi kudaiwa malipo yoyote ili niitwe jina langu. Aliyelipa ndiye ajuaye bei. Mwaka 1931 alirudi Dresden kwa upasuaji wa mwisho, akitumaini siku moja kuwa mama. Hakupona. Alifariki tarehe 13 Septemba, akazikwa mjini humo. Gerda alimfuata mwaka 1940.

Nilipoanza kuandika kurasa hizi nilihofu: nitamtajaje, bwana au bibi? Nikaona kalamu imeshanitangulia. Alizaliwa, alichora, alipenda, alifariki: kiambishi ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kidenmaki na Kijerumani vilimtaka achague upande katika kila sentensi. Kiswahili hakikunidai nimkate vipande viwili.

Sisemi kwamba sisi ni wema kuliko wengine. Lugha inaweza kumpa mtu nafasi ambayo majirani zake wanamnyima. Lakini najiuliza, kama Lili angeishi mahali ambapo watu nao wangempokea mzima hivyo, je, angeiweka brashi chini?