"Kobe hana shida": historia ya kosa la miaka mingi

Tuseme uko Mgogoni, Pemba. Mtoto amerudi nyumbani na kobe mdogo, wa kukaa kiganjani, na nyumba nzima imemkusanyikia. Anatiwa kwenye beseni. Mmoja analeta wali, mwengine kipande cha mkate, bibi anasema mpeni tango. Kobe anakula kidogo, anajificha, anatoka tena. Wiki zinapita, mwezi unapita, na yeye yuko vile vile. Basi kila mtu anakubaliana: kobe hana shida.

Nataka tukae na sentensi hiyo leo, kwa sababu ina historia ndefu na imeua kobe wengi sana katika Bahari ya Hindi. Tuanze mbali kidogo, kisha turudi kwenye beseni.

Kobe katika maandishi ya kale

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina. Kobe ni wa nchi kavu, ana miguu minene. Kasa ni wa baharini, ana mapezi. Wazungu wengi huwachanganya. Mtu wa pwani hawachanganyi.

Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu chake kinajulikana kama Periplus. Ndani yake anataja kisiwa kilicho karibu na pwani yetu, anachokiita Menouthias: tambarare, chenye miti, mito na ndege wa kila aina. Pia kina kobe wa nchi kavu, ambao yeye anawaita kobe wa mlimani. Wataalamu bado wanabishana kisiwa hicho ni kipi. Wapo wanaosema Pemba, wapo wanaosema Unguja, wapo wanaosema Mafia. Lakini angalia jambo moja: katika mistari michache ya kukieleza kisiwa kizima, kobe amepata nafasi. Mwandishi huyo alikuwa mtu wa biashara, na magamba ya kasa yalikuwa bidhaa kubwa ya pwani hii pamoja na pembe za ndovu. Kwa hiyo tangu mwanzo wa maandishi, mnyama huyu anatazamwa kwa jicho la sokoni.

Akiba ya nyama isiyooza

Sasa ruka mpaka miaka ya 1600 na 1700. Meli za Ulaya zinapita Bahari ya Hindi kwenda India, safari za miezi. Hakuna barafu, na nyama ya chumvi inachosha. Kwenye visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues mabaharia wanakuta kobe wakubwa ajabu. Mfaransa François Leguat, aliyefika Rodrigues mwaka 1691, alisimulia kwamba kobe walikuwa wamesongamana kiasi kwamba mtu angeweza kutembea zaidi ya hatua mia juu ya migongo yao bila kugusa ardhi.

Mabaharia waligundua kitu kilichowafurahisha: kobe ukimpakia melini bila chakula wala maji, anakaa hai kwa miezi. Unamchinja siku unayotaka. Ghala la nyama linalojitunza lenyewe!

Inawezekanaje? Kobe ni mnyama wa damu baridi. Mimi na wewe tunatumia sehemu kubwa ya chakula chetu kuutia mwili joto. Yeye joto analichukua kwenye jua, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo sana. Njaa ikija, mwili wake unapunguza mwendo na kuanza kula akiba ya mafuta. Maji anayaweka kwenye kibofu na kuyatumia polepole. Charles Darwin alipokuwa visiwa vya Galapagos mwaka 1835 aliandika kwamba wenyeji wakishikwa na kiu walikunywa maji ya kibofu cha kobe.

Ukweli huo wa kibiolojia ndio uliomponza. Kwa kuwa hakulia wala hakufa upesi, watu walidhani hapati madhara. Wakabebwa maelfu kwa maelfu. Mayai na vitoto vikaliwa na nguruwe, paka na panya walioletwa na meli hizo hizo. Kufikia katikati ya karne ya 19, kobe wakubwa wa Mauritius, Réunion na Rodrigues walikuwa wamekwisha kabisa. Hawapo tena duniani.

Waliobaki kwa wingi walikuwa wa Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho upande wa kusini-mashariki ya Pemba, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Afrika. Mwaka 1874 kundi la wanasayansi, akiwemo Darwin mwenyewe, lilimwandikia gavana wa Mauritius, ambaye Aldabra ilikuwa chini yake, likiomba kobe hao walindwe. Katika miaka ya 1960 kukawa na mpango wa kujenga uwanja wa ndege wa kijeshi huko. Wanasayansi wakaupinga vikali, na mwaka 1967 ukafutwa. Aldabra iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1982, na leo ina kobe wapatao 100,000.

Changuu: wanne, mia mbili, saba

Hapa ndipo historia inapoingia nyumbani kwetu. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alituma zawadi Zanzibar: kobe wanne wa Aldabra. Waliwekwa Changuu, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe ambacho watalii wanakiita kisiwa cha gereza, ingawa gereza lililojengwa hapo mwaka 1893 halikuwahi kufungia wafungwa. Palitumika kama karantini.

Kobe wale walistawi. Kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kutoka wanne! Halafu wizi ukaanza: wengine waliuzwa nje kama wanyama wa kufuga, wengine waliliwa. Fuatilia hesabu: mwaka 1988 walikuwa kama 100, mwaka 1990 wakawa 50, na mwaka 1996 wakabaki saba. Mwaka huo vikapelekwa vitoto 80 kisiwani kuongeza idadi. Arubaini vikatoweka.

Hebu fikiria ile 40. Kobe mzima wa Aldabra, dume, anaweza kufika kilo 250. Kumwiba unahitaji watu kadhaa na chombo. Kitoto kinaingia kwenye mkoba. Tena kitoto ndicho ambacho mnunuzi anakitaka, kwa sababu kinapendeza na kinakaa kwenye sanduku la kioo sebuleni. Na kobe wa Aldabra anahitaji miaka ishirini na zaidi kabla hajaanza kuzaa. Ukichukua vitoto kila mwaka, kisiwa kinaweza kuonekana kimejaa wazee kwa miongo mingi huku kizazi kijacho hakipo.

Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kutetea wanyama ambalo leo linaitwa World Animal Protection, ilijenga uzio mkubwa Changuu. Vitoto vikahamishiwa Unguja vilelewe mpaka viwe vikubwa vya kutosha kurudishwa. Yaani suluhisho halikuwa uzio peke yake. Ilibidi mtu akae na vitoto, avilishe, avilinde, avihesabu, mwaka baada ya mwaka.

Bara nako kuna kisa kinachofanana. Kwenye miamba ya Tanzania na Kenya anaishi kobe bapa kama chapati, jina lake la kisayansi Malacochersus tornieri, ambaye hujibana kwenye nyufa adui akija. Jike hutaga yai moja tu kwa mara moja. Biashara ya wanyama wa kufuga ilimmaliza sehemu nyingi, na mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES zilimpandisha kwenye orodha ya kwanza, inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama wa porini.

Madhara yanayochelewa

Turudi Mgogoni, kwenye beseni. Kwa nini yule kobe wa wali na tango anaonekana mzima? Kwa sababu ile ile iliyowadanganya mabaharia. Anakula akiba yake. Kosa la leo litaonekana baada ya miezi, pengine mwaka, na likionekana mara nyingi limechelewa.

Gamba la kobe si nyumba aliyoibeba. Ni mfupa, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, juu yake pakiwa na vigae vya kitu kama kucha. Kobe mdogo anajenga mfupa huo kila siku na anahitaji kalsiamu. Ili aitumie kalsiamu anahitaji vitamini D, na hiyo mwili wake unaitengeneza kwa mwanga wa jua unaomgusa moja kwa moja. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika. Kobe anayekaa chumbani na kula wali anajenga gamba laini, na baadaye hata kutembea kunamshinda.

Hata mashuhuri hawakusalimika. Kobe Jonathan alifikishwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, na anakaa kwenye bustani ya gavana. Nyasi anazo tele, watalii wanampiga picha. Lakini uzeeni alipofuka na pua ikaacha kunusa, akawa hapati chakula cha kutosha, na mdomo wake ukawa butu. Daktari wa mifugo wa kisiwa, Joe Hollins, alianza kumlisha kwa mkono, na mdomo ukarudi kuwa mkali. Ikiwa huyu anayetazamwa na dunia nzima aliweza kukosa lishe, yule wa kwenye beseni je?

Basi afanyiwe nini?

Kwanza jua ni aina gani, maana vyakula vinatofautiana. Wengi ni wala nyasi na majani, lakini wapo wanaokula pia konokono na uyoga. Kwa wala nyasi, fuata mambo haya:

Chakula: nyasi na majani ya pori yasiyopigwa dawa yawe sehemu kubwa. Ukoka unafaa sana. Tumbo lake lina bakteria wanaovunja nyuzinyuzi za majani. Wali na mkate unawavuruga. Tango ni maji matupu. Mchicha kidogo tu, kwani una kemikali zinazoshika kalsiamu. Kisamvu kibichi usimpe, kina sumu. Papai au embe ni kipande kidogo, siku moja moja.

Kalsiamu: ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, uoshe, uukaushe, umwekee autafune mwenyewe. Pemba huu ni wa bure.

Jua na kivuli: atoke nje asubuhi, na awe na pahala pa kujificha jua likichoma. Beseni juani bila kivuli linamuua kwa muda mfupi.

Maji: sahani pana isiyo na kina, maji yasipite kidevu chake. Abadilishiwe kila siku.

Unyevu: mwaka 2003 Wiesner na Iben, watafiti wa Vienna, walilea kobe wadogo wa Afrika katika hali tofauti za unyevu na protini. Magamba yenye vinundu kama vichuguu yalitokana zaidi na hewa kavu kuliko wingi wa protini. Kwa hiyo sehemu ya kulala iwe na udongo wenye unyevunyevu kidogo.

Ulinzi: panya, siafu na kunguru humla kobe mdogo. Wavu juu ni lazima.

Mizani: mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike daftarini. Kobe halalamiki, lakini namba zitakwambia anashuka kabla macho hayajaona.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, kwani kobe hubeba bakteria wa salmonella hata akiwa mzima. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba la chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia midomoni na kuugua.

Na kabla ya yote hayo, uliza: ametoka wapi? Kama kaokotwa porini, arudishwe pale pale alipookotwa, mapema. Kama kanunuliwa, kobe wote wa nchi kavu wako kwenye orodha za CITES, na kumfuga mnyama wa porini kunataka kibali. Ofisi ya misitu ya wilaya ndiyo pa kuanzia, na hakuna ubaya wowote kwenda kuuliza.

Kutoka kobe 200 hadi saba Changuu ilichukua miaka 41. Kwa maisha ya kobe huo ni ujana tu. Mtoto wa miaka kumi anayemlea kobe leo, akimlea vizuri, huenda akamwachia mjukuu wake. Ukimwona basi anakula kidogo, ametulia, halalamiki, usiseme hana shida. Chukua mizani.