Kutoka "Chagua" hadi "Caguwa": Historia ya Uteuzi wa Nguo za Ndani za Wanaume Jijini Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya nguo za ndani za wanaume jijini Kigali kwa kutumia msamiati kama ushahidi. Hoja kuu ni kwamba kuchagua mtindo wa nguo ya ndani si jambo la kale wala la kawaida kama linavyoonekana leo. Ni fursa iliyojengwa na biashara, iliyopewa jina na Kiswahili, na iliyowekewa mipaka na sheria za forodha na za viwango. Makala yanahitimisha kwamba mjadala wa mitumba katika Afrika Mashariki hauwezi kueleweka vyema bila kuitazama nguo ambayo mnunuzi huichagua bila kutaka aonekane.

1. Utangulizi

Wazungumzaji wa Kinyarwanda huita nguo za mitumba caguwa. Neno hili limetokana na kitenzi cha Kiswahili chagua, na mabadiliko yake ya kifonolojia ni ya kutarajiwa: sauti ch huandikwa c katika othografia ya Kinyarwanda, na mfuatano wa irabu u na a hutenganishwa na kiyeyusho w. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni mofolojia yake. Maneno mengi ya mkopo katika Kinyarwanda hupewa irabu tangulizi, kama ishati (shati), ikoti (koti) na ikabutura (kaptura). Caguwa, kwa kawaida, husimama bila irabu hiyo. Si maneno yote ya mkopo yanayoipokea, kwa hiyo jambo hili pekee si uthibitisho. Hata hivyo, ni dalili inayoafikiana na mazingira ya soko: huenda neno halikupokewa kama jina la kitu, bali kama wito wa mchuuzi aliyemwaga marobota chini na kuwaita wapita njia, "Chagua! Chagua!"

Majirani waliipa bidhaa hiyo hiyo majina yenye mtazamo tofauti. Tanzania na Kenya husema mitumba, yaani jinsi mzigo ulivyofungwa. Kigali iliita bidhaa kwa tendo la mnunuzi. Swali la makala haya ni hili: mwanamume wa Kigali alipata lini nafasi ya kuchagua hata nguo inayogusa mwili wake kwanza, na nani aliamua ukomo wa uchaguzi huo?

2. Kitambaa kisicho na mtindo

Kabla ya ukoloni, mavazi ya Rwanda yalitengenezwa kwa ngozi na kwa impuzu, kitambaa cha gome la mti. Mwishoni mwa karne ya 19, vitambaa vya pamba vilianza kupenya kutoka pwani kwa njia za misafara. Miongoni mwake ulikuwamo merikani, ambao jina lake linataja asili yake. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Said wa Zanzibar mwaka 1833, na pamba ya viwanda vya Massachusetts ikawa bidhaa na pia kipimo cha thamani katika bara.

Merikani uliuzwa kwa pande na mikono, si kwa mishono. Mnunuzi alichagua urefu na uzito wa kitambaa. Mtindo ulikuwa ni jinsi ya kukifunga. Katika pwani yenyewe, kikoi na msuli vilitumika kwa namna hiyo: vazi moja liliweza kuwa la ndani chini ya kanzu na la nje barazani. Mpaka kati ya "ndani" na "nje" haukuwa katika nguo, bali katika mahali na hadhira.

3. Vazi la taasisi

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani. Pamoja na watawala walifika askari, wachuuzi na mafundi waliozungumza Kiswahili, na katika kipindi cha Ubelgiji makazi yao yalijikita Biryogo, eneo lililojulikana kama kambi ya Waswahili. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, uliojengwa mwaka 1913, ni ushahidi wa jumuiya hiyo hadi leo.

Tabaka za msamiati wa mavazi zinaakisi historia hii. Ikabutura ni jamaa wa kaptura ya Kiswahili, vazi lililohusishwa na askari, mtumishi na mwanafunzi. Ikariso, nguo ya ndani ya chini, imetokana na neno la Kifaransa caleçon, ambalo sauti yake ya l imegeuzwa kuwa r na irabu ya pua kuwa o ya kawaida. Kwa ufupi, nguo ya nje ilipewa jina na Kiswahili cha kambi na soko. Nguo ya ndani ikapewa jina na Kifaransa cha shule, misheni na ofisi.

Jambo la pamoja katika tabaka zote mbili ni kwamba hakukuwa na uteuzi mpana. Kaptura ilitolewa na jeshi au kudaiwa na shule. Huko Marekani na Ulaya, wakati huo huo, mitindo ilikuwa ikiongezeka: mwaka 1935 duka la Marshall Field's mjini Chicago lilianza kuuza chupi fupi ya kiume ya kubana, iliyobuniwa na kampuni ya Coopers na kuitwa Jockey, ambayo ilishindana na kaptura pana za ndani zilizotokana na vazi la mabondia. Mwanamume wa Chicago aliulizwa anapenda ipi. Aliyekuwa chini ya utawala wa kikoloni alipewa iliyopo.

4. Robota kama duka

Uteuzi ulifika kwa mlango wa mitumba. Biashara hiyo ilipanuka sana Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, soko huria liliposhika kasi. Rwanda ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, UTEXRWA, kilichoanzishwa mwaka 1984, lakini kiwanda kimoja hakikuweza kulingana na wingi wa mitindo iliyomo katika robota moja. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Wanyarwanda waliorejea kutoka Tanzania, Uganda, Kenya na Kongo walikuja na Kiswahili na mazoea ya masoko ya huko.

Katika rundo la caguwa, chupi ya kubana, boksa pana, boksa ya kubana na bukta vilikaa pamoja. Majina yenyewe ni kumbukumbu ya safari: boksa ni ya mabondia, na bukta inafanana wazi na jina la kampuni ya Kiingereza ya mavazi ya michezo, Bukta. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha chini aliweza kupima mpira wa kiuno kwa vidole, kulinganisha pamba na nailoni, na kuacha asichokitaka. Uhuru huo haukuwa mdogo, ingawa ulikuwa na aibu ndani yake. Kiswahili husema nguo za ndani, na Kinyarwanda husema imyenda y'imbere. Tafsida zote mbili zinakubaliana kwamba vazi hili lina siri. Kulichagua hadharani, likiwa limeshavaliwa na mtu asiyejulikana, kulikuwa kuvunja siri hiyo kwa sababu ya bei.

5. Sheria mbili, hoja mbili

Serikali za ukanda huu ziliingilia kati kwa namna mbili. Tanzania, kupitia kiwango cha TZS 758 cha mwaka 2003 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango, ilizuia nguo za ndani zilizotumika kwa misingi ya afya. Nguo ya ndani ilitengwa na nyingine kwa sababu ya mahali inapogusa.

Rwanda ilichukua njia ya uzito. Mwezi Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizotumika kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Hoja ilikuwa kulinda viwanda vya ndani na agaciro, yaani heshima na thamani ya taifa. Baada ya wafanyabiashara wa Marekani wa nguo zilizotumika kulalamika, nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na tarehe 30 Julai 2018 Marekani ilisitisha fursa ya nguo za Rwanda kuingia nchini humo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi iliyouza merikani sasa ilitetea soko la nguo zilizovuliwa.

Ushuru wa kilo hauoni siri. Kwa mfano, suruali ya jinzi yenye gramu 700 hubeba dola 1.75, chupi yenye gramu 80 hubeba senti 20 tu. Sheria iliyotetea heshima ya mwili iligusa zaidi nguo inayoonekana kuliko inayougusa mwili. Hata hivyo, ni katika nguo ya ndani ambako mbadala ulipatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa boksa mpya za bei nafuu kutoka China huuzwa kwa pakiti. Mwenye mzigo mzito alikuwa mchuuzi aliyeishi kwa robota, na mteja wake aliyetafuta shati na suruali.

6. Hitimisho

Mwaka 2017, katikati ya mvutano huo, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha iliyodharauliwa kwa muda mrefu kama ya wachuuzi na wa kambini iliingia bungeni wakati neno lake maarufu zaidi sokoni lilikuwa likitozwa ushuru wa kulisukuma nje. Matukio haya mawili hayakusababishana, lakini yanaangazana. Serikali ilikuwa na sababu ya kutotaka raia wavae masalio ya wengine. Raia naye alikuwa na sababu ya kuthamini rundo ambalo lilimwambia achague, baada ya miongo mingi ya kuvalishwa. Sera ya mavazi itakayodumu ni ile itakayompa nguo mpya bila kumnyang'anya kitenzi hicho.