Mganda asiyeona aliyeteleza kwenye theluji

Wadau, juzi nilikuwa Muleba nikipiga stori na mzee mmoja jirani yetu. Nikamwambia nataka kuandika habari za Mganda mmoja wa miaka ya 1970. Mzee akakunja uso. "Mganda wa Amin?" akauliza. Simlaumu. Kwetu Kagera, ukitaja Uganda ya miaka ile, watu wanakumbuka Oktoba 1978, majeshi kuvuka Mutukula, na daraja la Kyaka kulipuliwa.

Lakini Uganda hiyo hiyo ilikuwa na kijana anaitwa Tofiri Kibuuka. Haoni. Kabla ya kujulikana kwenye theluji, alishapanda Kilimanjaro pamoja na vijana wenzake wasioona wa Afrika Mashariki. Ndiyo, Kilimanjaro yetu, ambayo wengi wetu wenye macho yetu mawili tunaiona kwenye kalenda tu!

Februari 1976, mjini Örnsköldsvik, Sweden, ilifanyika michezo ya kwanza ya Paralimpiki ya majira ya baridi. Kibuuka akaenda kuiwakilisha Uganda peke yake, katika mbio za kuteleza masafa marefu. Akawa Mwafrika wa kwanza kushiriki Paralimpiki ya baridi.

Asiyeona anatelezaje? Unavaa mbao mbili nyembamba miguuni, unashika fimbo mbili, unapita kwenye mifereji iliyochongwa kwenye theluji. Anayeona yuko karibu nawe, anakupigia kelele: kona kushoto, mteremko, punguza. Miguu ni yako, macho ni sauti ya mwenzako. Siku hizi wasioona wanashiriki hata baiathloni, yaani kuteleza na kulenga shabaha, wakiongozwa na mlio unaobadilika kadiri bunduki inavyokaribia katikati ya shabaha. Mchezo huo uliingia Paralimpiki mwaka 1988.

Sasa tazama mwaka wenyewe. Julai 1976 Tanzania na Uganda, ambazo serikali zake hazikuwa zikipatana hata kidogo, zote ziligomea Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi wetu hakukimbia. Akii-Bua wao hakuruka viunzi. Kwa hiyo mwaka ule bendera ya Uganda ilipepea kwenye theluji, kwa kijana asiyeona, na si kwa bingwa wao wa Olimpiki.

Februari 1980 Kibuuka alirudi tena, safari hii Geilo, Norway. Amin alikuwa ameshaondoka, Kampala ikiwa imeanguka Aprili 11, 1979. Medali ya theluji hakupata. Kuanzia 1984 alivaa jezi ya Norway, akahamia riadha, na huko akashinda medali kwenye Paralimpiki za majira ya joto.

Mnamtaja? Wengi wetu tunamjua Philip Boit, Mkenya aliyeteleza Nagano mwaka 1998, akafika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Hadithi tamu, inastahili. Lakini Kibuuka alimtangulia kwa miaka 22, na yeye hakuwa akiona.

Naona sababu ni hii: mwanamichezo mwenye ulemavu tunamwandika kwa huruma, mistari minne, ukurasa wa ndani. Nami nimefanya hivyo gazetini, nakiri. Sikumuuliza mtu muda wake wala mazoezi yake. Nilimuuliza anajisikiaje.

Nilipomaliza kusimulia, mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwandishi sikuwa nimefikiria: "Na yule aliyekuwa akimpigia kelele mbele, walielewana kwa lugha gani?"

Hilo ndilo swali la kumuuliza mwanamichezo. Nimeliandika kwenye daftari langu.

Tuonane wiki ijayo.