Pumu na vijidudu vya mwilini

Pumu ni maradhi ya njia za hewa, ambazo kwa kuvimba muda mrefu na kusinyaa ghafla humfanya mgonjwa abanwe na kifua na kupumua kwa mlio. Na miongoni mwa mambo yanayochunguzwa na matabibu wa zama hizi ni jamii ya vijidudu vinavyoishi matumboni, puani na mapafuni mwa mwanadamu, ambavyo aghalabu havimdhuru bali humfaa.

Mtoto hupokea vijidudu vyake vya awali kwa mama yake, kisha huviongeza kwa kunyonya, kwa udongo na kwa mifugo. Baadhi ya vile vya tumboni, vikichachua nyuzinyuzi za vyakula, hutoa asidi kama butirati, nazo huzisaidia chembe za kinga zenye kazi ya kuuzuia mwili usipambane na vitu visivyo na madhara, kama vumbi na chavua.

Mwaka 1989 David Strachan wa Uingereza alibaini kwamba watoto wenye ndugu wengi, ambao huambukizana vijidudu, hupatwa kwa nadra na mafua ya mzio. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulilinganisha wakulima wa madhehebu mawili yenye asili moja: kwa Waamishi, ambao watoto wao hukulia karibu na mazizi, pumu ilionekana kwa wanafunzi 5 hivi katika 100, ilhali kwa Wahuteri, walimao kwa mitambo, ilifikia 21. Wilayani Wakiso, Uganda, ilidhihirika mwaka 2019 kuwa waliozaliwa mijini wana uwezekano maradufu au zaidi wa kuugua kuliko waliozaliwa vijijini.

Matokeo hayo yanauhusu mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako vita vimewaleta wengi kutoka vijiji vya wafugaji na wakulima: mtoto azaliwaye mjini hulikosa zizi, akapata badala yake moshi wa makaa, usio na kinga yoyote ndani yake.

Walakini hakuna bakteria ya kumeza iliyothibiti kuwa tiba ya pumu. Msingi wa matibabu ungali dawa ya kuvuta yenye steroidi, kwani salbutamoli pekee hufungua kifua pasipo kuutuliza uvimbe. Na kwa kuwa antibiotiki huua hata vijidudu vyenye manufaa, haifai kumpa mtoto mchanga kwa kila kikohozi, ila pale tabibu aonapo dharura.