Kwaresima, Shule ya Imani: Kutoka Kisima cha Yakobo hadi Kaburi la Lazaro

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu na kumalizika Alhamisi Kuu, kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, unakieleza kipindi hiki kwa sura mbili: Ubatizo, unaokumbukwa au kuandaliwa, na toba. Ndiyo maana Mama Kanisa, katika Mwaka A wa Liturujia, anatutangazia Injili tatu za Yohane ambazo tangu kale zimewaandaa wakatekumeni kubatizwa katika Mkesha wa Pasaka. Parokia zenye wakatekumeni huweza kuzisoma hata katika Mwaka B na C.

Jumapili ya Tatu: kiu (Yn 4:5-42)

Mwanamke Msamaria anakuja kisimani akitafuta maji ya kunywa. Mwanzoni anamwona Yesu kuwa Myahudi tu. Kisha anamtambua kuwa nabii, na hatimaye anaanza kujiuliza kama huyu siye Kristo. Ukweli wa maisha yake unawekwa wazi mbele yake bila kudhalilishwa. Imani huanza pale mtu anapokubali kujulikana na Mungu jinsi alivyo. Hapo ndipo mlango wa Sakramenti ya Kitubio unapofunguka.

Jumapili ya Nne: nuru (Yn 9:1-41)

Kipofu tangu kuzaliwa anatumwa kunawa katika birika la Siloamu, naye anakwenda angali haoni. Anatii kwanza, anaona baadaye. Lakini kuona kwake kunamgharimu: wazazi wake wanaogopa kumtetea, naye anafukuzwa. Yesu anaposikia hayo, anamtafuta, na mtu huyo anamsujudia. Mkristo anayetengwa kwa sababu ya kukataa rushwa au uongo ajue kwamba Bwana humtafuta aliyetupwa nje.

Jumapili ya Tano: uhai (Yn 11:1-45)

Hapa imani inajaribiwa zaidi. Yesu anampenda Lazaro, lakini akisikia kwamba ni mgonjwa, anakaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Anapofika Bethania, Lazaro ana siku nne kaburini. Martha hafichi uchungu wake: anamwambia Bwana kwamba angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa. Huo nao ni sala. Kisha anakiri kuwa Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, ilhali ndugu yake bado yumo kaburini. Hata hivyo, jiwe linapotakiwa kuondolewa, anasita kwa sababu ya harufu. Bwana hamkemei kwa ukali, anamkumbusha ahadi. Wangapi kati yetu wamemwombea mgonjwa, naye akafariki dunia? Injili haituelezi kila sababu ya kuchelewa kwa Mungu. Inatuonesha Kristo akilia kaburini pamoja na wafiwa, naye akielekea Msalabani mwenyewe.

Mazoezi ya kumtumainia Mungu

Sala, kufunga na matendo ya huruma ni mazoezi ya tumaini hilo. Sheria ya Kanisa inawadai waliotimiza miaka 14 kujinyima nyama, na wenye miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60 kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayefunga anakiri kwamba hategemei mkate pekee. Anayetoa sadaka anakiri kwamba kesho yake imo mikononi mwa Baba. Kilichookolewa kwa kufunga kimfikie mhitaji. Vinginevyo tumebana matumizi tu.

Katika familia na Jumuiya Ndogo Ndogo, tuzisome Injili hizi taratibu, kila mmoja akijiuliza: nina kiu ya nini? Nisichotaka kukiona ni kipi? Jiwe gani nasita kuliondoa? Kwa majibu hayo tuukaribie Mkesha wa Pasaka, tutakaporudia ahadi zetu za Ubatizo.