Makumbusho ya Villers-Bretonneux: Shule Inayotunza Urafiki wa Ufaransa na Australia

Makumbusho ya Ufaransa na Australia ni makumbusho madogo ya vita yaliyopo katika mji wa Villers-Bretonneux, mkoa wa Somme, kaskazini mwa Ufaransa, takribani kilomita 16 mashariki mwa jiji la Amiens. Yalifunguliwa mwaka 1975 katika ghorofa ya kwanza ya shule ya msingi ya mji huo, na hadi leo watoto wanaendelea kusoma katika majengo hayo. Katika uwanja wa shule, ukutani, yameandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa maneno yanayowataka wanaoyasoma wasiisahau Australia.

Mapigano ya Aprili 1918

Chimbuko la urafiki huo ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnamo tarehe 21 Machi, 1918, jeshi la Ujerumani lilianza mashambulizi makubwa yaliyolenga, pamoja na mambo mengine, kuukaribia mji wa Amiens, uliokuwa makutano muhimu ya reli. Villers-Bretonneux, uliojengwa juu ya mwinuko, ulikuwa miongoni mwa vizuizi vya mwisho katika njia hiyo.

Tarehe 24 Aprili, Wajerumani waliuteka mji huo wakisaidiwa na vifaru. Siku hiyo hiyo, karibu na mji, vifaru vya Uingereza na vya Ujerumani vilikabiliana kwa mara ya kwanza katika historia. Usiku, brigedi mbili za Australia, ya 13 na ya 15, zikisaidiwa na vikosi vya Uingereza, ziliuzunguka mji kutoka pande mbili. Kufikia tarehe 25 Aprili mji ulikuwa umekombolewa, miaka mitatu kamili tangu askari wa Australia na New Zealand waliposhuka Gallipoli mwaka 1915. Bamba la kumbukumbu lililopo shuleni linataja askari 1,200 wa Australia waliopoteza maisha katika ukombozi huo.

Michango ya wanafunzi

Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ya mji ilikuwa magofu, ikiwemo shule. Wanafunzi na walimu wa jimbo la Victoria, nchini Australia, walianzisha michango ya kuijenga upya, mtoto mmoja mmoja akitoa kidogo alichokuwa nacho. Wengi wa watoto hao walikuwa na baba, kaka au jamaa waliopigana Ufaransa. Baadhi yao hawakurudi. Shule mpya ilizinduliwa tarehe 25 Aprili, 1927, na kupewa jina la Victoria.

Ndani ya makumbusho, wageni huona sare za askari, silaha, picha, nyaraka na vitu binafsi vilivyobebwa na vijana waliosafiri kutoka upande wa pili wa dunia. Ukumbi wa shule umepambwa kwa michongo ya mbao ya wanyama wa Australia, na katika madarasa yamewekwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya "Tusiisahau Australia kamwe". Hata baadhi ya mitaa ya mji huo ina majina ya Melbourne na Victoria.

Fadhila iliyorudishwa

Tarehe 7 Februari, 2009, moto mkubwa wa nyika uliwaka katika maeneo mengi ya Victoria. Watu 173 walifariki dunia, na shule ya msingi ya kijiji cha Strathewen iliteketea. Wakazi wa Villers-Bretonneux walichanga fedha kusaidia kuijenga upya. Zaidi ya miaka 80 baada ya shule yao kuzinduliwa, wajukuu na vitukuu wa waliopokea wakawa watoaji.

Hapo ndipo ulipo uzito wa makumbusho haya. Mnara huwakumbusha watu waliokufa. Shule hii, kwa kuwa bado inafundisha, imeukabidhi urafiki huo kwa kila kizazi kipya kama wajibu, na ulipofika wakati wajibu huo ulitekelezwa.

Maelekezo kwa wageni

Mji wa Villers-Bretonneux una kituo cha treni katika njia inayotoka Amiens. Nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini, upo Mnara wa Kumbukumbu wa Kitaifa wa Australia, uliozinduliwa na Mfalme George VI mwaka 1938, wenye majina ya askari zaidi ya 10,000 waliofia Ufaransa na ambao makaburi yao hayajulikani. Nyuma yake kipo Kituo cha Sir John Monash, kilichofunguliwa mwaka 2018. Ibada ya alfajiri hufanyika mnarani hapo kila tarehe 25 Aprili.

Wanaokusudia kuyazuru makumbusho wanashauriwa kuthibitisha mapema siku na saa za kufunguliwa, na kuzingatia utulivu wawapo katika eneo hilo, kwa kuwa masomo huendelea katika madarasa ya chini.